Karatasi ya Mkutano wa Daraja

Beni, Bungulu, Jumapili tarehe 17 Juni 2001

Kwa Yaya Florentine, kule Vulambo

Yaya, dada yangu mpenzi,

Nakusalimu sana, wewe na nyumba yako yote. Sisi huku tupo, Mungu bado anatubeba. Goti lako linaendeleaje tangu mvua ipungue? Binti yako Falonne amepona malaria yake? Na yule mbuzi mweusi, alizaa au alikuwa anatudanganya na tumbo lake? Maharagi uliyotuma kwa mkono wa Issaka wa lori yalifika salama. Mama Hadjara, mwenye nyumba ninapopanga, aliyapika na samaki wa chumvi, akasema siku nyingi hajala maharagi laini namna ile. Mimi nilishindwa kumaliza sahani. Akaniuliza kama ninaumwa, nikamjibu kwamba ni kazi nyingi ya session, kikao chetu.

Utaona nimeandika kwa herufi kubwa na kuacha nafasi kati ya mistari. Nimefanya hivyo ili uisome mwenyewe. Usimpe Falonne akusomee, wala katekista. Soma polepole, hata ikikuchukua siku mbili, lakini uwe umemaliza kabla ya Alhamisi.

Habari yenyewe ni hii. Juzi Ijumaa, Assemblée yetu, bunge la hapa Beni, ilipitisha édit, yaani sheria ya jimbo, kwamba kilima cha Vulambo kitachukuliwa chote kiwe kambi ya kufundishia askari. Chote, Yaya, kuanzia kisima cha chini mpaka kwenye migomba yako, pale bwana wako Ézéchiel alipozikwa. Watu watapewa siku thelathini za kuhama, zikihesabiwa tangu siku Commissaire wa jimbo atakapotia sahihi. Alhamisi hii atafika Vulambo yeye mwenyewe na faili mkononi, awaulize watu kama ni kweli walikubali. Akisikia walikubali, atasaini palepale.

Najua unachouliza sasa. Unauliza Josaphat alikuwa wapi. Nilikuwa ndani ya salle ya mkutano, Yaya. Ni mimi niliyeisoma hiyo édit.

Nikikueleza kwa mkato utaikunja barua hii na kuitia jikoni, na utakuwa na haki. Lakini nivumilie kidogo, nikueleze juma lote jinsi lilivyokwenda.

Jumatatu tulifungua session. Tunakaa katika depo ya zamani ya kahawa, na harufu ya kahawa haijatoka, kwa hiyo Assemblée nzima hupiga chafya kabla ya wimbo. Nilivaa koti lile ulilonishonea kiwiko. Tuko Wahonorable, yaani wajumbe, thelathini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyechaguliwa na mtu. Wakubwa wa vita walituita kwa majina, tukaja tumefunga tai. Hata hivyo nilijiona mtu. Mlangoni askari alinipigia saluti, na mimi nikanyoosha shingo kama jogoo aliyenunuliwa jana.

Mezani kulikuwa na miswada tisa. Namba sita ulikuwa wangu, wa kujenga upya daraja la mto Lusa. Unakumbuka nilivyowaahidi. Tangu daraja livunjike na lile lori la mbao, wagonjwa wanavushwa mgongoni, na mama Agar alizaa kwenye majani akingojea maji yashuke. Nilitaka jambo hilo kuliko kitu kingine chochote, naomba uniamini hapo hata kama hutaniamini kwingine. Namba tano ulikuwa wa kambi. Assemblée yetu inakwenda kwa namba. Mswada mmoja ukikwama, yote iliyo nyuma yake inalala mpaka session nyingine, na nani anajua kama vita vitatuachia session nyingine.

Jumanne tuliimaliza yote juu ya mbuzi wanaozurura mjini Beni. Saa tano nzima, Yaya. Mmoja alitaka mbuzi afungwe, mwingine alitaka mwenye mbuzi ndiye afungwe, wa tatu akauliza kwa uzito mkubwa kama sheria inawagusa na kondoo. Tulipiga kura, tukapiga makofi, tukajipongeza. Nami nilisimama kusema, kwa Kifaransa kizuri. Sasa nikikumbuka sauti yangu siku ile naona aibu hata kwa hao mbuzi.

Jumatano aliniita Honorable Zorobabel, rais wa commission, yaani kamati yetu. Mimi ndiye rapporteur wake, yaani mwandishi wa ripoti, yule anayeandika na kusoma. Aliniambia wataalamu wa jeshi wamechagua Vulambo kwa sababu kuna maji, kuna tambarare juu, na barabara haiko mbali. Nilimwambia hapo ni kwetu, dada yangu anaishi hapo, bwana wake amezikwa hapo. Hakukasirika. Alinishika bega akasema, “Honorable, vita haiulizaka hapa ni kwa nani.” Kisha akasema faili ya kambi imepungukiwa na kitu kimoja: karatasi yenye sahihi za wakaaji kuonyesha kwamba walishauriwa na wakakubali. Bila hiyo karatasi, namba tano haitoki. “Na kama ya tano haitoke,” akasema, “ile daraja yako nayo haitoke. Utawaambia batu ya kwenu nini?”

Karatasi ikapatikana. Nitakueleza ilitoka wapi, lakini nipe nafasi, mkono wangu bado unakataa.

Ijumaa ikawa siku ya kura. Nilisimama nikasoma kurasa nne, sauti haikutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha zaidi nikilifikiria. Nilipomaliza, akasimama Mama Tamar. Huyu ni mwalimu wa zamani kutoka Kanyabayonga, mfupi, anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, na wengi humcheka kwa sababu anauliza kila kitu. Akauliza, “Bale batu ya Vulambo, banajua? Nani alibaambia, na kwa luga gani?” Zorobabel akamjibu kwamba karatasi ya sahihi iko, majina sitini na manne. Mama Tamar akasema basi rapporteur asome majina, tuyasikie.

Nikasoma. Jina la kwanza kwenye karatasi ni lako, Yaya.

Nilipolitaja, Zorobabel alisimama akawaambia Wahonorable kwamba huyu Florentine ni dada wa damu wa rapporteur, tena mjane, na ndiye aliyetangulia kutia sahihi. Salle nzima ikapiga makofi. Kuna waliosimama. Mmoja alinifikia akanishika mkono, akasema familia yetu ni mfano kwa taifa. Nami nikainamisha kichwa, nikashukuru. Nilishukuru, Yaya.

Namba tano ikapita. Mama Tamar peke yake ndiye aliyekataa, ila kabla ya kukaa aliomba kitu kimoja kiongezwe: kwamba Commissaire asisaini ofisini, aende Vulambo na hiyo karatasi, asome majina mbele ya wenye majina. Walimkubalia ili anyamaze. Dakika kumi baadaye namba sita nayo ikapita, bila hata swali moja. Daraja la Lusa litajengwa. Zorobabel aliniambia jeshi lenyewe litaleta mbao, maana malori yao ya kambi ndiyo yatakayovuka kwanza. Nilikuwa sijafikiria hivyo mpaka alipotamka. Daraja la kuwavusha watu wa Vulambo, na upande ule hakutakuwa tena na watu wa Vulambo.

Sasa nikuambie juu ya karatasi.

Unakumbuka mkutano wa mwezi wa tatu, katika kanisa, nilipokuja kueleza habari ya daraja. Kama kawaida yetu, tulipitisha karatasi ya présence. Mtu hawezi kukusanya hata watu watano nchini mwetu bila kuwaandikisha kwamba walikuwepo, na hakuna anayeuliza karatasi inakwenda wapi. Nilitaka uanze wewe. Katekista alileta wino wa kidole, wewe ukausukuma pembeni, ukasema umesoma kwa Mama Mariette wa parokia mwaka mzima, hutaki tena kuchafua kidole. Ukapangusa mikono kwenye kitenge. Ukaandika F ukapumzika, ukaandika L ukapumzika. Kanisa zima lilikungoja. Ulipomaliza, wanawake walipiga vigelegele, nami nikakutania kwamba mkia wa F yako unaweza kufunga mbuzi. Ulicheka mpaka machozi. Ulikuwa na miaka arobaini na saba, na ilikuwa mara ya kwanza kuandika jina lako mbele ya watu. Mimi najua kwa nini ulichelewa. Baba alikutoa shuleni mwaka wa pili, ukalime, ili mimi niingie.

Karatasi ile ilibaki katika mkoba wangu. Alhamisi iliyopita nilikwenda nayo secrétariat. Juu kabisa nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: “Présence, mkutano wa daraja la Lusa.” Nilichukua makasi ya mwandishi wa mashini nikakata sehemu ile ya juu. Nikampa yule dada wa mashini maneno mengine ayapige kwa mashini: kwamba sisi wakaaji wa Vulambo, tumeshauriwa, tunatoa udongo wetu kwa hiari kwa ajili ya kambi. Alipounganisha na majina yenu chini ili atoe fotokopi, aliniangalia, akauliza kwa sauti ndogo, “Honorable, hawa bote balikubali?” Nikamjibu, “Balikubali.” Fotokopi ndiyo iliyoingia katika faili. Hakuna aliyenilazimisha kwa bunduki. Wala hakuna aliyenipa kitu. Nilifanya kwa daraja, na pia nilifanya kwa sababu nilitaka Zorobabel aendelee kunishika bega. Ukweli ndio huo, na hauna nguo.

Jana Jumamosi nilikwenda kwa rais wa Assemblée niungame. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote. Alipoinua macho, nikamuuliza kama mafuta ya jenereta ya juma lijalo yamepatikana. Akasema yamepatikana, nikamshukuru, nikatoka. Leo katika misa padri alisoma, watu wakaitika, mimi midomo ilikuwa inatembea peke yake. Sikwenda kupokea komunyo. Mama Hadjara, ambaye ni Mwislamu na hana haja ya kujua mambo ya misa yetu, aliniona nikirudi akaniambia tu, “Baba Honorable, uende ukaandikie watu yako.” Sikuwa nimemwambia kitu.

Yaya, ndani ya bahasha hii utakuta karatasi mbili. Ile kubwa ndiyo karatasi yenyewe ya mwezi wa tatu, yenye wino wenu, na F yako na mkia wake. Ile ndogo, nyembamba, ndiyo sehemu ya juu niliyokata. Nilikuwa nimeificha ndani ya kitabu changu cha sala, sijui kwa nini sikuitupa. Ziweke pamoja mezani utaona zinaingiana, hata ule mkato uliopinda kidogo mahali makasi yalipokwama.

Alhamisi Commissaire atakapofungua faili na kusoma jina lako, simama. Mwonyeshe hizo mbili. Mwambie mlikuja kwa ajili ya daraja, hamkuulizwa kitu kuhusu kambi. Halafu umwambie aliyekata ni nani. Mimi nitakuwa pale pale, rapporteur anasafiri na faili, nitakuwa nimekaa upande wa viti, na tai yangu. Ungekuwa ni uanaume nisimame mwenyewe niseme. Lakini nimejiona jana mbele ya wakubwa, najijua sasa. Nikisema nitasimama nitakuwa ninakudanganya mara ya pili. Kwa hiyo nimekutwika tena mzigo, wewe uliyebeba mingine yote. Nisamehe hata kwa hilo.

Watakachonifanya sikijui. Daraja labda litaanguka pamoja nami, na watu wa Vulambo watasema Josaphat hakuleta hata ubao. Waache waseme. Ninachokuomba ni kimoja tu: ukiniona nimeinama, usinionee huruma ukakaa. Najua moyo wako. Ulikuwa unasema ni wewe uliyevunja chungu kila mara nilipokivunja mimi, na mama akakuchapa. Safari hii usiseme ni wewe.

Huenda watasema umetunga, kwamba karatasi yoyote inaweza kukatwa na mtu yeyote. Ndiyo maana kwenye kile kipande chembamba nimeandika: “Nimekata mimi, Alhamisi tarehe 14 Juni,” na chini yake nimetia sahihi yangu, ile ile iliyo kwenye ripoti ya commission. Hapo hawatapata njia.

Issaka ataondoka na lori lake kesho asubuhi, atakukabidhi bahasha hii sokoni, mkononi mwako. Ameapa kwamba hataifungua wala kumpa mtu mwingine. Nisalimie Falonne na mumewe. Nisalimie mama Agar na mtoto aliyezaliwa majanini. Ukipita kwa Ézéchiel, palilia kidogo pale kichwani pake kwa niaba yangu, maana mimi sina uso wa kufika. Nakutakia mvua ya kutosha na goti lenye nguvu za kusimama siku ya Alhamisi.

Ni mimi mdogo wako, yule uliyemwachia dawati,

Josaphat Maliro