Bibi Arusi Mwenye Nguo Nyeupe

S.L.P. 214,
Garissa.
11 Agosti 1996

Mpendwa Guled, mtoto wa mama mdogo,

Assalaamu aleikum warahmatullahi. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Nasteho, na kwamba baridi ya Uswidi haijakukata masikio. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Vumbi ni lile lile, mbuzi wamepanda bei, na mto una maji. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kuandika shuleni. Kisomali changu cha kalamu kingekuchekesha.

Najua unachotaka kusikia. Unauliza kwa nini hooyo wako, mama yangu mdogo, alikataa kuja dukani ulipopiga simu, na kwa nini tangu aione kanda ya arusi yako hajakutumia hata salamu. Nitakujibu. Lakini uliuliza pia kama bado ninashinda mbele ya televisheni, na hilo nalitanguliza, maana ukishapata habari za hooyo hutasoma neno langu jingine.

Ndiyo, bado. Kaka yangu Alio amefungua nyumba ya video nyuma ya soko, na kila kanda mpya hupitia kwetu kwanza ili niionje. Nikisema mbaya, ni mbaya. Amewahi kubisha, viti vikabaki vitupu.

Picha za Kihindi hazina mpinzani. Watu wanalalamika kwamba ni ndefu. Kwani tuna haraka ya kwenda wapi? Ndugu wanapotezana sokoni, mama analia, mvua inanyesha, wanaimba, na sisi tusiojua hata neno moja la Kihindi tunatoka macho mekundu. Za Wachina nazipenda mwanzoni, halafu mzee wa ndevu nyeupe anaanza kupigana na kijiji kizima, nami najiuliza wanawe wako wapi. Za Wamarekani ndizo zinazonichosha. Bunduki ya stelingi haiishi risasi, na anaua jeshi zima bila wazee wa pande mbili kukaa kuzungumza diya. Wachunga ngamia wakija mnadani huingia kwa Alio, na picha ikiisha hubaki wakibishana ni ukoo gani utakaolipa ngamia mia kwa kila maiti. Ubishi wao ni mtamu kuliko picha yenyewe.

Alio ana mashine ya gemu pia. Ile ya magari ni ya watoto. Gari halinywi mafuta wala halikwami mchangani. Aliyeitengeneza hajaiona barabara ya Hulugho. Ile ya ngumi ndiyo yenye akili, na humo hakuna mtu wa mtaa huu aliyewahi kunishinda. Alio atakwambia kwamba nabonyeza vitufe ovyo. Muulize basi mbona ni yeye anayelala chini.

Televisheni ya taifa tunaipata vizuri, ila upepo ukivuma tunabaki na sauti tu. Vichekesho vyao navisifu, Kiswahili chao kitamu. Lakini kila Msomali humo ni mlinzi au mwenye duka, na anaongea kwa lafudhi ambayo hata nyanya yangu hana. Hiyo ni dharau, na nimewaandikia kuwaambia.

Haya, kanda yako.

Habaryar Ebla, hooyo wako, alitoka Hulugho juu ya lori la mbuzi ili aje kuitazama, maana kwao hakuna umeme. Alio alituunganishia deki ya video na televisheni yetu, akaondoka, ili sisi wanawake tutazame kwa nafasi. Hooyo wako aliketi mbele kabisa, amejitia manukato, ubani unafuka. Nikabonyeza. Mlango wa ukumbi ukafunguliwa, Nasteho akaingia: gauni jeupe, shela nyeupe usoni, glavu nyeupe mikononi.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Hooyo wako alisimama akatoka nje. Nilimfuata.

"Abaayo, binti yangu," akaniuliza, "mume wa huyo msichana alikufa lini?"

Hapo nikaelewa. Kwetu anayevaa nyeupe toka kichwani hadi miguuni ni mjane aliye ndani ya eda, na mwanamke wa eda haolewi. Nikaha yake ni batili. Hooyo wako aliona mwanawe amechukua mjane ambaye hajamaliza siku zake, tena mbele ya kamera. Nawe hukuwa umeandika hata sentensi moja kuhusu maisha ya Nasteho kabla yako. Ulipopiga simu, alisema hana la kuzungumza na mtu anayeishi katika haramu. Nilikukasirikia sana, Guled. Umekaa ughaibuni kidogo tu, ukasahau nguo nyeupe ni ya nani?

Nilimweleza kwamba huko ndivyo maharusi wanavyovaa, nimewaona mara nyingi kwenye televisheni. Nilikosea kuitaja televisheni. Alinijibu kwamba kwenye televisheni watu pia hufa Jumanne na kufufuka Alhamisi.

Basi nikafanya kazi ninayoijua. Niliitazama kanda yote peke yangu. Kama picha, ni mbovu: aliyeipiga anapenda dari kuliko watu, na wimbo mmoja unarudiwa mpaka unauchukia. Lakini karibu na mwisho, chakula kinapoletwa, Nasteho anavua glavu ili ale. Nikasimamisha hapo. Picha ilitetemeka, mistari ikapita, lakini ilionekana wazi: maua ya hina nyeusi mpaka juu ya vifundo vya mikono, na bangili za dhahabu.

Nikamvuta hooyo wako mkono mpaka ndani, nikamwonyesha kioo kwa kidole. Mjane wa eda hapaki hina wala havai dhahabu. Yeye anayajua hayo kuliko mimi, alikaa eda ya baba yako. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kisha akaketi chini akalia, na katikati ya kilio akacheka.

"Wallahi hina yake imekolea," alisema. "Sasa mbona walimfunika?"

Kwa hiyo tulia. Radhi zake unazo, na Nasteho ana ngamia jike Hulugho, aliyezaa majuzi, amepewa na mama mkwe wake.

Ila kabla hajarudi aliitazama kanda yote, na akaona kitu ambacho mimi fundi sikukiona. Unamtazama bibi arusi, unawatazama wageni, unaitazama keki. "Muda wote huo," akasema, "mwanangu hakunitazama hata mara moja." Nikamwambia kwamba kwenye sinema ni mwiko mwigizaji kuangalia kamera. Akanijibu kwamba yeye hakuzaa mwigizaji.

Tafuta kanda tupu, Guled. Keti na mkeo mbele ya kamera, bila muziki, mwangalie hooyo wako umwambie habari zako.

Alio anakusalimu, mama yangu Bishara anakusalimu, na Amino wa jirani anauliza kama theluji inalika. Nisalimie Nasteho, mwambie mikono yake imetuokoa. Allah awahifadhi na awape watoto wema. Hooyo wako sikuwekei salamu zake humu. Nilimwomba, akasema atakusalimu utakapomtazama.

Ndimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,
Idman