Baba Aliyekana Kuimba

Dada Zuhura, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Ujiji, vidole vikinuka samaki, migebuka ya kukaanga ya shangazi Mwajuma. Unakumbuka baba alivyovunja gitaa lako, akisema ukoo wetu haujawahi kuzaa wahuni wa muziki? Basi leo shangazi kanionyesha picha ya kijana mwembamba, suruali ya bugaluu, nywele kama kichaka, kipaza sauti mdomoni. Ni baba yetu mtukufu!

"Alikuwa mwimbaji wa bendi pale Mwanga," shangazi akasema. "Wasichana wa Bangwe walikuwa wanazimia."

Nikampigia baba papo hapo. Akakohoa kama shehe. "Huyo si mimi. Watu wanafanana."

Shangazi akaninyang'anya simu, akaweka spika, akaanza kumwimbia wimbo wake wa zamani. Alipofika ubeti wa pili, mzee uvumilivu ukamshinda: "Mwajuma, unaharibu! Hapo sauti inapanda!" Akauimba mwenyewe mpaka mwisho, na kwa kweli, dada, anatushinda sote. Nililia, kisha nikamkasirikia upya kwa niaba yako.

Nawapenda wewe na wanao. Mpelekee baba chai ya tangawizi, koo lake litakuwa limechoka.

Mdogo wako,
Hamisi