Kitabu Kilichokosekana Maktaba

Kwako Dada, mwalimu wa watoto wa watu na mchapa fimbo wa mdogo wake,

Pokea salamu nyingi kama misumari iliyojaa kwenye kopo langu, ila hizi hazichomi. Hujambo? Mgongo nao haujambo? Na ule mkono uliokufanya umwachie binti yako kalamu miezi yote hii, umepata nafuu? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio, na meno machache yaliyobaki kwa hiari yao wenyewe. Karakana ipo, makochi ya watu yapo, na mimi Kupe wako nipo, nimeing'ang'ania dunia kama jina langu linavyotaka.

Mwaka wetu ndio huo unakatika. Kumbuka ni wewe uliyeuanzisha, pale kwenye harusi ya mjukuu wako, uliposema mbele ya wakwe kwamba tangu nitoroke shule sijawahi kumaliza kitu chochote ila chakula. Watu wakacheka, hata bwana harusi, mtu tuliyemjua tangu asubuhi tu. Kwa hasira nikakubali: mwaka mzima, kila mwezi kila mmoja wetu asome kitabu, amwandikie mwenzake kina nini, na kikimpendeza amwambie akitafute. Atakayekwama akiri mbele ya ukoo mzima kwamba mwenzake ndiye aliyependwa zaidi na mama. Dada, kwa dau lile hata mbuzi angevaa miwani.

Basi nimesoma. Nasomea juu ya makochi ya wateja, maana kochi likishashonwa lazima fundi alikalie kwanza, springi zisije zikamdunga mtu pasipotajika. Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Kitabu kikiwa kibaya nazisikia springi zote, moja moja. Kikiwa kizuri, hata nikikalia mkasi sina habari. Mke wa daktari wa meno alikuja kuchukua kochi lake akanikuta nalia juu yake, akadhani nimelikata vibaya. Nilikuwa na kile cha mpishi wa meli iliyokwama kwenye barafu, anayeendelea kuwatandikia meza mabaharia waliokwisha kufa. Hicho narudia kukusifia. Kile kinene cha ndugu wanaogombea nyumba ya baba yao usikiguse. Wanakufa wote, na nyumba inaliwa na mchwa, jambo ambalo seremala yeyote angewaambia ukurasa wa kwanza. Na kile cha ufugaji wa kuku ulichokikataa, ukidai si kitabu bali ni maelekezo, mimi nakihesabu. Kina wahusika wengi kuliko vyako, na vifo vyao vinauma zaidi.

Vya kwako pia nilivitafuta, nisije nikaambiwa mwizi wa mchezo. Kile cha nyuki nilikipata. Cha yule hakimu mwenye kigugumizi nilikipata, nikakirudisha kimechelewa, nikasemwa kama mtoto. Halafu katikati ya mwaka vitabu vyako vikaanza kunoga kupita kiasi. Ukanisimulia cha mpiga kengele wa kituo cha treni, aliyekuwa akiichelewesha treni kidogo kila asubuhi ili mwanamke mmoja mwenye mguu mbovu asiachwe. Ukaja na cha mjane aliyefungua nyumba ya wageni yenye chumba kimoja, akawa anamkataa kila mgeni kwa sababu nyingine mpya. Nikaenda maktaba mbio, goti na mimi.

Mtunza maktaba ni mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, hasemi na mtu ila kwa kunong'ona. Alinitafutia cha kengele, hakuna. Cha mjane, hakuna. Akaniuliza mwandishi ni nani, nikamjibu kwamba dada yangu ni mwalimu mstaafu, hataji waandishi kwa mtu aliyetoroka shule. Akapiga simu maktaba nyingine kubwa, akarudi akaninong'oneza kwamba, Mzee, vitabu hivi havijaandikwa. Nikamwambia shida ni udogo wa maktaba yake. Tukanuniana wiki nzima.

Ndipo binti yako alipopita hapa karakana na barua yako ya mwisho. Nilimkalisha kwenye kochi la mteja, nikamwekea chai, nami nikakaa pembeni kuisoma. Kitabu chako safari hii kilikuwa cha msichana aliyembeba mdogo wake mgongoni kuvuka mto uliofurika. Ukaeleza maji yalivyompanda kifuani, na yule mtoto alivyomuuma bega kwa woga, asiachie. Kisha hapohapo katikati ya maji ukakata, ukaniambia mwisho wake nikajisomee mwenyewe.

Dada, springi sikuzisikia. Kovu lililoko kwenye bega lako nalijua, maana ni meno yangu, enzi yalipokuwa yote kazini. Na jina la Kupe nilipewa siku hiyo, walipokuja kunibandua mgongoni kwako. Nani mwingine angeuandika mto wetu?

Nikamgeukia mpwa wangu, nikamuuliza habari za mkono wako. Akaniuliza, mkono gani, mjomba? Halafu akakumbuka, akaziba mdomo, chai ikamwagika kwenye kochi la watu. Usimkasirikie. Nilimbana kama ninavyobana kitambaa. Akaniambia ni macho. Akaniambia presha ya macho imeshachukua karibu yote, na daktari amesema kilichokwenda hakirudi. Kwamba unamimina chai kwa kuchovya kidole kikombeni. Kwamba kila alasiri bado unakaa barazani na kitabu mapajani, unafunua kurasa mojamoja, majirani wasijue, na siku moja mpita njia alikuambia, shikamoo Mwalimu, umekishika kichwa chini miguu juu, nawe ukamjibu kwamba ndivyo wanavyosoma waliobobea.

Hapo nilicheka, Dada, nisamehe. Kisha nikashindwa kuendelea kucheka.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mshukuru Mungu kwamba mimi nimekitangulia kifo. Sikuulizi kwa nini ulinificha, najua. Ungeniambia ningekuhurumia, na huruma yangu hujaizoea. Lakini nami nakuambia la kwangu: tangu cha mjane kilipokosekana maktaba nilikwisha kuhisi kwamba vitabu hivyo unavitoa kichwani, nikanyamaza. Nilidhani unaniibia mchezo. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka cha mwezi unaofuata. Sikujua unavitunga gizani. Na wewe mpwa wangu unayesoma haya kwa sauti, usikohoe, wala usiruke mstari. Mama yako ana masikio.

Sasa hukumu ya dau. Mimi nimesoma vya watu, vilikuwepo tayari vinanisubiri kwenye rafu. Wewe macho yalipokuacha hukukwama, ulivitoa pasipokuwa na kitu, ukanipa mimi, mtoro wa shule. Nimeshindwa. Nitasimama mbele ya ukoo niseme kwamba mama alikupenda wewe zaidi. Mimi alinizoea tu.

Jumamosi nakuja, na usijisumbue kukataa, nimeshaomba lori la jirani. Naleta kochi la watu wawili. Upande wako nimeuvika kitambaa chenye mistari ya kushikika, mkono wako ukijue kiti chako bila kuuliza mtu. Wangu ni laini, tusigombane. Karakana nimemwachia mwanangu, ambaye kwa vyovyote alikuwa anangoja nife. Asubuhi nitakusomea, tena polepole, nikikwama kwenye maneno marefu, nawe utanichapa kama zamani. Naanza na cha mpishi wa barafu. Jioni zamu yako.

Maana kile kitabu hukukimaliza. Mtunza maktaba, tumeshapatana, kila nikipita ananong'ona kuuliza lini kitafika, nami namjibu kwamba mwandishi bado yumo mtoni. Na mwisho wake mimi siujui, ingawa nilikuwepo. Tangu ukingo ule hadi huu nilifumba macho, Dada. Wewe ndiye uliyeona maji, magogo, na mahali pa kuweka mguu. Mimi nilijua bega lako tu.

Kwa hiyo usihangaike. Safari hii wewe fumba, mimi nitaangalia njia.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na yule mpita njia wa kitabu kichwa chini mwambie ajiandae, kuna mzee mwenzake wa utani anakuja. Mpwa wangu mbusu mama yako begani, upande wa kovu.

Ni mimi, mdogo wako asiyeachia,

Kupe