Tiyo ya Waashi na Mbuzi Niliyemla

Mama Mshauri, naomba unisaidie, kwa sababu hasira imenikaa kifuani wiki tatu na sijui tena nimrushie nani. Nina miaka sabini na mmoja, nilizaliwa Kyavinyonge kando ya ziwa, vita vilinitoa huko miaka ishirini na miwili iliyopita, na tangu hapo naishi Kimemi hapa Butembo, juu ya kilima ambako hakuna maji hata ya kuelea bata, na kitu pekee nilichotoka nacho ni moteri ya mtumbwi wangu, niliyoilaza chini ya kitanda ndani ya blanketi, nikiipangusa kila Jumapili baada ya ibada, mpaka binti yangu Élise alipoolewa na Josaphat, mvuvi wa kule kule, nikaona heri irudi kazini.

Tiyo, ule mrija wa kupitisha esanse, yaani petroli, kutoka kwenye tanki ilikuwa imekufa kwa uzee. Sikupata ya moteri, basi nilipokuwa Beni, sokoni Beu, nilinunua mita tatu za ile tiyo ya kuonyesha ndani ambayo waashi huitia maji ili kupima usawa wa ukuta, na niliipenda kwa kuwa niliona esanse ikipita kama chai nyepesi, nikaikata katikati, nusu nikaifunga kwenye tanki kwa kauchu, ukanda wa mpira, nusu nikaitundika kwenye msumari nyumbani, nikamwambia mkwe wangu kila kitu ni kipya.

Baada ya miezi minne Josaphat alijaza tanki nchi kavu nilivyomfundisha, akalipakia mtumbwini, akalegeza skuru ya hewa juu ya kifuniko, akafinya ule mpira wa kusukuma esanse mpaka ukawa mgumu, kumbe esanse inavujia chini ya mbao za kukanyagia, na kule mbele mjukuu wangu Christa, mtoto wa kaka yake Élise, alikuwa na mbabula ya makaa ya kuchemshia uji. Moto ulipita chini ya miguu yao. Wavuvi waliuzima kwa mchanga. Christa, miaka kumi na tisa, amelazwa Beni, miguu yote miwili ndani ya bendeji.

Kikao cha familia nilikiongoza mimi. "Mutu bure!" nilimwambia Josaphat mbele ya wazee wake. "Moteri ilikaa kwangu miaka makumi mbili, haikuchoma mutu!"

"Muzee, nilifanya yote vile ulinionyesha. Lakini esanse ilitoka kwenye tiyo..."

Nikamkata maneno, nikamtoza mbuzi wa kuomba msamaha, akachinjwa, nikala. Kesho yake aliniletea moteri na tanki nivitazame, na kwenye mdomo wa tanki kilikuwa kimebaki kipande cha tiyo yangu, kigumu kama kijiti, kimepasuka pale pale nilipofunga. Nikamwambia avirudishe ziwani.

Juzi, nikiwa kanisani, alikuja akaichukua ile nusu ya msumarini. Élise anasema alitamka tu, "Naenda na hii ya muzee." Ijumaa anaingia ziwani na watu kumi na wawili. Nitasemaje bila kuaibika, mimi niliyekula mbuzi? Sina simu, nipate jibu kwa namba ya mkwe wangu, iko chini.

Muzee wa Ziwa, Kimemi

Mama Mshauri anajibu: Tata, mzee wangu, pole kwa Christa. Pole yangu inaishia hapo.

Tiyo hiyo ilitengenezwa kwa maji. Esanse huikausha mpaka ikapasuka, na kauchu si kikazo cha chuma. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, hushuka chini ya mbao ukatambaa mpaka ukutane na moto. Hilo ulimfundisha Josaphat, au ulilifunga ndani ya blanketi? Na mbabula ndani ya mtumbwi! Wazee wote hao, hakuna aliyeuliza. Mlikuwa na haraka ya nyama.

Inunuliwe tiyo ya esanse, na vikazo vya chuma. Kabla mtu hajapanda, mpira ufinywe, kila kiungo kitazamwe, mbao zifunuliwe, mnuse. Mkisikia harufu, hakuna safari. Kazi ikiisha, tiyo itolewe na skuru ya hewa ifungwe. Moto ubaki nchi kavu. Nawe utapeleka mbuzi kwa Josaphat, mbele ya wazee wale wale, na safari hii hutaonja hata supu.

Kuaibika utaaibika. Miguu ya Christa inauma zaidi.

Sasa hasira yangu mimi. Mtumbwi unaondoka Ijumaa, nawe unaandikia gazeti la Jumamosi! Watu kumi na wawili, Tata! Nilipiga namba uliyoniandikia, ya mkwe wako, siku ile ile barua ilipofika, nikasema neno moja tu: hiyo tiyo ya waashi, itoe.

Josaphat akajibu: "Mama, sikuifunga. Nilishaikatakata. Niliichukua muzee asikuje kuifungia mutu mwingine."

"Kumbe ulijua?"

"Tangu siku ya moto. Ndiyo maana nilimuletea tanki, ajionee, aseme yeye mwenyewe."

"Na mbuzi ukamtoa?"

"Yeye iko baba ya muke yangu, Mama. Ningemwambia nini?"

Tiyo mpya ameshaifunga. Tata, panda pikipiki. Anzia Beni, kwa Christa.