Siku Nilipowakatalia Mashabiki Waliokuja Kukuomba

Baba Neema,

Timu haina kocha tena. Nimeona nikuandikie mimi kabla hujasikia kwa wengine, maana mwaka wa tatu huu tangu tukuzike, na hata huko uliko sidhani kama watu wa Uvira wanaweza kukaa bila kubishana juu ya mpira. Yule kijana aliyekuwepo amevuka mpaka kwenda kufundisha Bujumbura, na tangu Jumatatu ya wiki iliyopita hapa sokoni hakuna anayeuliza bei ya samaki wangu wa ndagala kabla ya kuuliza nani atachukua timu. Nami napiga domo pamoja nao, unanijua. Lakini kuna jambo limenikaa kooni, na wewe peke yako ndiye ninayepaswa kukuambia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukipanga vizibo vya chupa kwenye mkeka, kumi na kimoja upande huu, kumi na kimoja ule? Ulikuwa umeshinda ufukweni ukitengeneza mota za mitumbwi, mikono inanuka mafuta, chakula kinapoa, na wewe unasogeza kizibo kwa kidole. "Huyu wa kushoto iko anachoka," ulikuwa ukisema. "Bamutoe mbele ya mapumziko." Nilikucheka. Nilikuuliza kama vizibo navyo vinasikia kiu. Lakini Jumapili nikifika uwanjani, namwona yule wa kushoto amechoka kweli, na kocha wake hana habari. Nilijivunia wewe mpaka nikaona haya. Sikukuambia hata siku moja.

Halafu wakaja, mwaka ule timu ilipobaki bila kocha. Unaijua desturi ya timu yetu: mashabiki wakishabishana wakakubaliana jina, hawamfuati mtu mwenyewe. Wanakwenda nyumbani kumwomba kwa mkewe, kwa sababu ndiye atakayebaki peke yake timu ikienda kucheza Sange na Kamanyola. Mwenye kuombwa hukaa ndani, kama binti anayeposwa. Ulivaa shati lako la misa, ukaingia chumbani, ukafunga mlango. Nilisikia kitanda kikilia ulipoketi.

Walikuwa watatu, na Papa Kashindi, rais wa mashabiki, ndiye aliyesema.

"Mama Neema, ekipe haina kocha. Tumebishana siku tatu. Bote banamutaka Baba Neema."

Nikamjibu, "Miye najua nini mambo ya mupira? Huyu muntu iko na kazi yake. Mutafute mwingine."

Ilikuwa adabu, Baba Neema. Ndivyo nilivyolelewa. Ukikaribishwa chakula unasema umeshiba. Wachumba wakija wanaambiwa hapa hakuna binti. Mwenye kitu cha thamani hakitoi kwa ombi la kwanza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilikuwa nangoja ombi la pili, na kwa la tatu ningesema ndiyo, tena kwa kusitasita. Na sitakuficha: nilitaka wanibembeleze. Hao hao ndio waliokucheka kila ulipotoa shauri uwanjani, wakikwambia fundi wa mota arudi kwenye mota zake. Nilitaka wainame kidogo mbele yangu.

Papa Kashindi akaangalia chini. "Tumesikia, Mama. Hatuwezi kulazimisha muntu."

Wakainuka. Niliwasindikiza hadi langoni nikitembea pole pole kama mgonjwa, nikawauliza habari za wake zao, za shamba, hata za mvua. Wakapanda pikipiki zao wakaondoka. Jioni ile ile walikuwa kwa yule mwalimu wa michezo, na mkewe alisema ndiyo kabla hawajaketi. Nilimwambia kila mtu kwamba yule mwanamke hakufunzwa kwao. Nililirudia neno hilo miaka miwili mizima, na wewe ulikuwa ukinisikia.

Ulipotoka chumbani hukuniuliza kitu. Ulikuwa umesikia yote, ukuta wetu ni wa mbao. Ulisema tu, "Chai iko?" Nikakumiminia. Pale pale ningekuambia kwamba nilikuwa nazungusha maneno tu, na kwamba kesho nitamfuata Papa Kashindi. Lakini kumfuata kungekuwa kujitembeza, nikakuongezea sukari tu. Tangu siku hiyo hukupanga vizibo tena. Nikajidanganya kwamba umechoka na kazi.

Ukaja kulazwa hospitalini. Nilikuwa nakupepea kwa kipande cha boksi, nawe ukatabasamu, ukasema, "Weye ulijua siwezi. Ulifanya muzuri kubakatalia." Mimi, mwenye mdomo unaojulikana soko zima, nilikujibu hivi: "Lala kwanza, utachoka." Nilidhani tutazungumza ukipata nguvu. Hukupata.

Sasa sikiliza ya Jumamosi iliyopita. Mashabiki walikusanyika kwenye vichanja vyetu vya ndagala kubishana. Hawa wanataka mtu kutoka ng'ambo, mwenye kompyuta na filimbi ya shingoni. Wale wanataka mtu wa hapa hapa. Papa Kashindi, amezeeka siku hizi, akasema wakati fulani walimtaka mtu wa hapa. "Lakini bibi yake mwenyewe alikataa. Na bibi ndiye anajua bwana yake." Watu wakaitikia kwa vichwa. Kumbe neno langu la adabu ndilo lililobaki kuwa ushahidi juu yako. Niliumia, Baba Neema. Niliumia kuliko siku ya mazishi.

Nikaweka ungo chini, nikasimama.

"Papa Kashindi," nikasema, "siku ile nilikataa juu nilitaka mutuombe tena. Baba Neema alikuwa anaweza. Alibashinda bote baliokuja kisha."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wangu wa kila siku. Yeye hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

"Mama," akasema, "siye pia tulijua ni adabu; ile nimesema sasa hivi ni kujificha tu. Lakini tulikuwa tumemucheka sana bwana yako, tukaona haya kuomba mara ya pili, yeye iko anasikia mule ndani. Tulisimamisha pikipiki pale kwenye daraja. Tulingojea utuite mpaka mvua ikatufukuza."

Darajani, Baba Neema. Unajua ni hatua chache tu kutoka kwetu, nyuma ya kona. Wao walikuwa wamesimama pale wakiningoja, mimi nimeshikilia lango nikiwangoja wao, na wewe uko kwenye ukingo wa kitanda na shati lako la misa, unatungoja sote.

Ulikuwa unaweza. Niliyajua hayo kabla yao wote, na leo nakuambia bila kuombwa hata mara moja. Nisamehe, upumzike.

Mkeo,
Mama Neema