Bomba Ulilonichorea

Kwako Baba Muzna, huko melini,

Sie wazima. Muzna kang'oka jino, kalihifadhi mpaka uje ulione.

Yale mafunzo ya ukaguzi wa meli nshamaliza. Mikataba ya kutochafua bahari ilisainiwa zamani, ila wakaguzi hawakuwepo. Sasa tupo sisi wa Unguja, wa Mombasa na wa Ngazija. Kazi nimeipenda! Naingia mpaka chumba cha injini, nauliza kila mfereji unakwenda wapi.

Siku moja mwalimu akachora bomba dogo la kificho, la kumwagia mafuta machafu baharini. Wenzangu wakashangaa. Mie nilikuwa nalijua. Uliwahi kunichorea kwa kidole, kwenye unga wa chapati, ukacheka: "Fundi wake mimi."

Nilidhani ni masihara. Yalikuwa masihara?

Nauliza kwa sababu meli yenu inafika hapa Unguja, bandari ya Malindi, mwezi ujao, na wakaguzi bado wachache. Zamu ni yangu.

Biriani nitakupikia, liwalo na liwe. Lakini hilo bomba, kama lipo, nionyeshe wewe kabla sijaliona mimi.

Mkeo,
Basma