Vidonge vya Dada Viko kwa Maalim

Likoni, Jumanne 14 Mei 1991

Dada Mwanaisha ameridhika, mimi bado. Tangu aanze kunywa kombe la maalim, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani, pamoja na vidonge vya hospitali vya saratani ya titi, hatapiki tena. Leo nimemkuta akila samaki wa kupaka na kucheka.

"Hospitali wamenitapisha miezi yote hii, maalim kanitengeneza kwa sahani ya aya na zafarani! Haya, wewe msomi, sema sasa."

Nilifurahi. Halafu nikajiuliza mbona nafuu imekuja upesi hivi. Nikaomba kuviona vidonge.

"Viko kwa maalim. Nimempelekea avisomee, viingie baraka. Ana wagonjwa wengi, hajavifikia."

"Tangu lini, dada?"

"Tangu nianze kombe. Wallahi, usinitazame hivyo."

Kumbe hatapiki kwa sababu havimezi. Kombe silikatai, nami nimelinywa tangu utotoni. Lakini uvimbe ule...

Kesho asubuhi nitavifuata kwa maalim, viwe vimesomewa au la. Dada ataanza kutapika tena, na safari hii atasema mimi ndiye niliyemrudishia ugonjwa.